Kwa Gari Hadi Ruvu na Wami: Maswali Wanayoniuliza Watazama Ndege wa Bagamoyo

Simu ikilia Ijumaa baada ya sala ya Magharibi, huwa nalijua swali kabla sijapokea. "Kaka, kesho tunataka kwenda mtoni kutazama ndege. Toyota IST yetu itafika?" Nimebeba watu wa darubini kwenye njia hizi tangu barabara ya Msata ilipokuwa vumbi tupu. Maswali ni yale yale, ila majibu hubadilika na mvua. Nimeyaandika hapa ili nipumzishe sauti. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayowalaza watu porini. Mengine mstari mmoja unatosha.

Mkisema "mtoni" mna maana mto gani?

Miwili: Ruvu na Wami. Ruvu unashuka kutoka milima ya Uluguru, Wami unakusanya maji ya Ukaguru na Nguru, na yote miwili inamwaga baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Kwenye ramani ni majirani, lakini kwa mwenye gari ni safari mbili zisizofanana. Ruvu ni mto wa watu: mashamba, wavuvi, ng'ombe wanaoletwa kunywa, na maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa yanachotwa humo. Unaenda alfajiri na chakula cha mchana unakikuta nyumbani. Wami wa chini unapita katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, na huko kuna geti, ada, askari na tembo. Ukienda Wami toa siku nzima, au ulale huko.

Anayeanza nampeleka Ruvu. Wami unamngoja, hauhami.

Haya, IST itafika?

Kiangazi, hadi daraja la Ruvu, hata Vitz inafika, maana ni lami mwanzo mwisho. Unatoka Bagamoyo kwa barabara ya Msata, unapita Makofia, unateremka bondeni, na daraja hilo hapo. Nina wageni ambao asubuhi yao yote iliishia kando ya lami hiyo, gari limeegeshwa pembeni kabisa, na wakarudi na orodha ndefu kuliko ya waliojitosa ndani.

Ukiiacha lami, usiulize tena aina ya gari, uliza tumbo lake. Njia za kuteremkia mtoni zimechimbwa na malori na matrekta. Magurudumu yao yameacha mifereji miwili, na katikati pamebaki tuta la udongo mkavu, mgumu kama tofali. Land Cruiser inapita juu ya tuta hilo. IST inalikalia, magurudumu yanaelea, na wewe umeshika usukani kama nahodha wa jahazi lililopwelewa.

Watu hupenda kuniambia, "Lakini langu ni fowili." Fowili, yaani injini kusukuma magurudumu yote manne, itakusaidia kwenye mchanga na kwenye tope la kiasi, lakini haitaliinua gari. Nikipewa gari refu, lenye tumbo juu, lisilo na fowili na gari fupi lenye fowili, kiangazi nachukua lile refu. Masika sichukui lolote, nabaki kwenye lami.

Halafu kuna jambo wenye magari makubwa hawapendi kulisikia: wao ndio wanaonasa vibaya. Mwenye IST hugeuza kwenye dimbwi la kwanza. Mwenye Land Cruiser huvuka la kwanza, la pili na la tatu, akaja kunasa la nne, huko ambako hata bodaboda hazipiti.

Basi gari niliache wapi?

Kwenye ukingo wa udongo mweusi, si kwenye ukingo wa mto. Hili ndilo ninalomwambia kila abiria, na ndilo wanalolisahau wakisikia furukombe analia.

Ukitoka lami, ardhi ya juu huku kwetu ni ya mchanga, mwekundu au wa kijivu. Utaijua kwa mikorosho na miembe, na ukienda mbele zaidi kuelekea Kiwangwa, kwa mananasi. Udongo huo ukinyeshewa asubuhi, jioni unapitika. Ukianza kuteremka bondeni, mikorosho inakoma, nyasi zinarefuka, na chini ya magurudumu udongo unageuka mweusi wenye nyufa. Kiangazi nyufa zenyewe zinaingia vidole. Simama hapo. Huo ni mfinyanzi: unanyonya maji, unavimba, unalainika, kisha unang'ang'ania tairi mpaka kashata zote, yaani meno ya tairi, zinaziba. Sasa una magurudumu manne laini kama mkate wa kumimina, na fowili yako inayazungusha yote manne badala ya mawili, basi.

Kupima si kazi. Shuka, chota udongo kidogo, utie mate au maji, uufinyange kati ya viganja. Ukikubali kuvutika kuwa kamba nyembamba bila kukatika, gari lisiingie ikiwa mvua imenyesha siku mbili tatu zilizopita, hata kama juu panaonekana pamekauka. Kauko hilo ni ngozi tu. Kipimo cha pili ni ndala zako: tembea hatua ishirini mbele ya gari, na zikirudi nzito, geuza. Nimeshawaona madereva wenye leseni ya miaka mingi wakiona aibu kushuka kupima kwa miguu, na jioni yake nikawaona wale wale wakichimba kwa mikono.

Kutoka ukingo wa udongo huo hadi maji yenyewe mara nyingi ni mwendo wa nusu saa au pungufu, na ndiyo nusu saa yenye ndege wengi kuliko yote. Mgeni anayetaka kushukia kwenye maji kabisa huwa amelipia safari kisha akairuka sehemu tamu.

Mbona ramani ya simu inaonyesha njia hadi mtoni?

Inaonyesha, ndiyo. Hata mimi ilinionyesha.

Ilikuwa mwishoni mwa vuli, nina wageni wawili na gari la kukodi, kwa kuwa langu lilikuwa gereji. Mwenye gari aliniapia kwamba kila kitu kimo. Mstari kwenye simu ulikuwa mweupe, umenyooka, unaishia mtoni. Tuliufuata. Ulikuwa njia kweli, upana wa gari, nyasi zimelala, hadi ghafla pua ya gari ikainama na tukatulia. Nilipofungua nyuma nitoe jeki, nikakuta jeki ya gari jingine kabisa, fupi, na spea tairi haina upepo hata wa kuamkia. Tulikaa hapo tangu saa 3 asubuhi. Jua linazama ndipo alipokuja mzee mmoja na vijana wanane na magogo. Nikampa shikamoo, akaitikia, akalizunguka gari mara moja, akasema, "Mwanangu, hii ni njia ya ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe mwezi huu hawapiti."

Tangu siku ile ramani ya simu naitumia kujua mto uko upande gani. Njia namuuliza mtu. Na ukiuliza, usiseme "hii njia inafika mtoni?" kwa sababu utajibiwa inafika, na ni kweli, kwa miguu inafika. Sema hivi: "Gari la mwisho kupita hapa lilipita lini, na lilikuwa gari gani?" Ukiambiwa trekta, juzi, umeshajua.

Kwenda Wami nipite Makurunge au Mandera?

Ukitokea Bagamoyo, pita Makurunge. Ukishavuka Ruvu kwenye barabara ya Msata unaingia kulia Makurunge na kuelekea kaskazini upande wa Gama, ambako unakutana na Wami. Ukitokea Chalinze, Morogoro au Tanga, njia ya Mandera ndiyo yako: unaiacha barabara kuu ya Chalinze–Segera pale Mandera, unapita Miono, na kutoka barabara kuu hadi Saadani ni karibu kilomita 60. Ni ndefu, lakini sehemu kubwa inapita ardhi ya juu, na huo ndio uzuri wake mvua ikiwa imenyesha.

Kuna pia mradi wa kuweka lami Bagamoyo hadi Tanga kupitia Saadani na Pangani, kilomita 246 kwa jumla, na kazi inakwenda kwa vipande. Kwa mtazama ndege maana yake ni michepuko. Mchepuko wa wajenzi ukinyeshewa huwa mbaya kuliko njia ya zamani, kwa hiyo kabla ya kuondoka piga simu kwa mtu wa Makurunge au Saadani umuulize wiki hii magari yanapita upande gani. Mafuta jaza Bagamoyo, tangi zima. Kuna chupa za petroli vijijini, lakini injini yako haijazizoea.

Huko Saadani nalipaje?

Si kwa fedha taslimu mkononi. Unapewa kontroo namba, unalipa kwa simu au benki. Fanya hivyo ukiwa bado kwenye mtandao mzuri, usisubiri kufika getini ndipo uanze kuinua simu juu kama unayetafuta mwezi wa Ramadhani. Beba kitambulisho cha taifa, maana raia na mgeni hawalipi sawa. Ndani ya hifadhi huendeshi usiku, hushuki garini popote utakapo, na boti ya Wami unaipanga mapema kwa wahifadhi au kwa hoteli unayolala. Kwenye Wami boti ina faida kuliko gari: mdiria na mamba wote unawakuta upande wa maji, na tope halikuhusu.

Nitaona ndege gani hasa?

Wa kawaida hawakuangushi. Furukombe, kichwa cheupe, juu ya mti mkubwa kuliko yote, akilia kwa kurusha kichwa nyuma. Yangeyange kwenye mpunga. Mnandi anaanika mabawa. Kwarara anayepiga kelele kama bawaba isiyotiwa mafuta. Fundichuma, na kiota chake kikubwa cha vijiti na takataka juu ya mti, ambacho huku kwetu watu hawapendi kukigusa. Mdiria mweusi na mweupe anayening'inia hewani akipiga mabawa, kisha anaanguka kama jiwe. Keremkerem kwenye kingo zilizokatika wima, ambako hutoboa mashimo ya kutagia. Dudumizi kwenye matete: wazee husema akilia mvua iko njiani, na mimi sibishani nao nikiwa na gari kwenye udongo mweusi.

Lakini anayenifanya niamke saa 10 alfajiri ni mdogo kuliko wote hao: mnana wa Ruvu. Ni mnana wa manjano, fundi wa viota vya kuning'inia, na mto wetu umeingia kwenye jina lake. Kitaalamu ni Ploceus holoxanthus, na neno hilo la pili kwa asili yake ya Kigiriki lina maana ya manjano tupu. Kwa miaka mingi wataalamu walimwona chotara wa aina nyingine mbili za mnana, wakampita. Sasa anahesabiwa aina kamili, na anapatikana mashariki mwa Tanzania tu, hapana kwingine duniani. Wavuvi walikuwa wanampita kila siku wakikata matete, nami nilimpita miaka, nikiwaambia wageni, "Huyo ni mnana tu, twende."

Kumtambua kunahitaji subira kwa sababu mnana wa manjano hapa wako wa namna kadhaa na hujenga karibu karibu. Usitegemee kumtaja akiwa anaruka. Kaa mbele ya kundi la viota, mpige picha ya ubavuni, kichwa na jicho vionekane, kisha ulinganishe ukitulia nyumbani. Wakati wa kujenga viota, mvua ikishaotesha matete, madume huvaa rangi kamili na hawana muda wa kukuogopa. Nje ya msimu huo hata wenye uzoefu huvutana.

Kwenye mikoko ya midomo ya mito kuna mdiria wa mikoko, mgongo wa buluu, mdomo mwekundu, mpole kiasi kwamba watu humpita bila kumwona. Huyo msikilize kwanza.

Mwezi gani ni mzuri?

Mwulize dereva na mwulize mtazama ndege, utapata majibu mawili. Dereva atakwambia Juni hadi Oktoba, barabara kavu. Mtazama ndege atakwambia Novemba hadi Machi, kwa sababu wageni wa Ulaya na Asia, akina kitwitwi na wenzao, wako pwani. Mimi ninayefanya kazi zote mbili nasema Januari na Februari: vuli imekwisha, masika haijaanza, kaskazi inavuma, wageni wapo na udongo mweusi umekaza. Joto ni kali, hilo nakiri.

Juni hadi Agosti msiidharau. Wakati wa kusi hufika wageni kutoka Madagaska, akiwamo ndugu mdogo wa yangeyange, adimu duniani, ambaye akituama kiangazi chake huku huwa wa kahawia na akiruka mabawa yanafunguka meupe. Kuna pia keremkerem wa huko huko kisiwani. Watu hutafuta ndege wa Ulaya wakasahau kwamba na ng'ambo ile ya bahari tuna jamaa zetu.

Machi katikati hadi Mei, msinipigie simu za Ruvu. Njooni tuzungumze, kahawa ipo.

Nasikia lazima nijue maji ya bahari. Mto na bahari wapi na wapi?

Kwa bondeni huku juu huhitaji. Kwa midomo ya mito, mikoko na mashamba ya chumvi ya Nunge, hujui maji hujui kitu.

Ndege wa ufukweni hula kwenye matope maji yakipwa, wakiwa wametawanyika mbali, vidoa tu hata kwa darubini nzuri. Maji yakijaa matope yanafunikwa na wao wanatafuta pa kupumzikia. Kwenye mashamba ya chumvi wanapata sakafu wazi isiyofunikwa, ndiyo maana wanakuja. Sasa fanya hesabu ya pwani: siku za bamvua, mwezi mpya au mpevu na siku moja mbili baadaye, maji yetu hujaa karibu saa 10 alasiri na hupwa karibu saa 4 asubuhi. Kwa hiyo siku za bamvua mimi sihangaiki asubuhi. Nafika kwenye chumvi saa 9 alasiri, jua mgongoni linapoanza kulainika, na ndege wanaletwa na maji wenyewe. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Siku za maji mafu, katikati ya bamvua moja na nyingine, mambo yanageuka, yanajaa katikati ya asubuhi, lakini ndege hawasukumwi kwa nguvu ile.

Kwenye tuta za chumvi gari haliingii. Ni kazi ya watu: tuta likivunjika maji yanachanganyika na mavuno yanapotea. Egesha nje, msalimie msimamizi, tembea. Flamingo, ambao vitabuni wameandikwa heroe, wanajulikana zaidi kwenye chumvi ya upande wa Saadani.

Na gari ufukweni, kwenye mchanga ulioachwa na maji? Hapana. Maji yanarudi, gari halijui kuogelea, na bima yako haitaki hata kuisikia hadithi hiyo.

Viboko na mamba je?

Wapo, mito yote miwili. Mtu mwenye darubini ni mtu anayetazama juu, na hilo ndilo tatizo.

Kiboko hutoka majini usiku kula nyasi na kurudi alfajiri, saa zile zile mnazopenda nyie. Njia zake zinaonekana: mifereji miwili myembamba sambamba, nyasi zimekatwa chini kama za uwanja wa mpira. Usisimame katikati ya njia hiyo, na usijiweke kati yake na maji. Ndiyo maana ninapoegesha nje ya hifadhi huwa nasubiri jua lipande kidogo kabla ya kuwashusha watu. Jua letu huchomoza kati ya saa 12 kasoro dakika 10 na saa 12 na dakika 40 kutegemea mwezi, kwa hiyo saa 1 kasoro nuru inatosha kuona kilicho kwenye nyasi. Dakika hizo tunazitumia garini, injini imezimwa, vioo vimeshushwa.

Kwa mamba sina mengi. Usichote maji, usioshe viatu, usipige picha ukiwa umechuchumaa ukingoni. Wanawake wa kijijini wakichota pahali fulani, usidhani pale ni salama kwa wote. Wao wanajua wanachokifanya na wanachungana.

Kwa nini mnapenda kukaa ndani ya gari?

Ndege wengi wamemzoea mnyama mkubwa wa bati kuliko mtu wa miguu miwili. Zima injini, usifungue mlango, weka kamfuko ka mchele kwenye dirisha uegemeze kamera. Dakika kumi za kwanza hazina kitu. Ya kumi na moja mdiria anarudi kwenye tawi lake.

Lazima nimwone mwenyekiti wa kijiji?

Ukienda mtoni nje ya hifadhi, ndiyo, na si kwa sababu ya sheria peke yake. Gari geni likionekana linashuka bondeni alfajiri, watu wanawaza mambo: ardhi, mchanga, madini, wizi wa ng'ombe. Mtu mwenye darubini anawaza ndege, lakini nani anajua?

Mimi hufika jana yake au napiga simu, na asubuhi napita tena. Inakwenda hivi:

"Hodi wenyewe. Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Karibu. Za Bagamoyo?"

"Njema. Nimekuja na wageni wangu, tunaomba kushuka mtoni kutazama ndege, tutarudi kabla ya adhuhuri."

"Ndege wa kula?"

"Wa kutazama tu, mzee."

Hapo huwa anacheka kidogo. Kisha anaita kijana wa kutusindikiza, na kijana huyo analipwa, tena vizuri, mkononi mwake, bila kumnong'oneza mtu. Ndiye anayejua kiboko alilala wapi jana. Wengi wao wamekuwa watazama ndege hodari kuliko mimi, maana macho yao hayajachoshwa na taa za magari.

Ukiingia mikokoni kumbuka kwamba misitu ya mikoko ni hifadhi chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Hukati mchu wala mkandaa eti utandike chini ya tairi. Madaraja, reli na mitambo ya maji, usielekeze kamera. Ukieleza kwamba ulikuwa unampiga picha yangeyange, utaeleza kwa muda mrefu.

Nibebe nini garini?

Spea tairi yenye upepo. Naandika tena: yenye upepo, umeipima mwenyewe. Jeki ya gari hilo hilo, na kipande cha ubao mpana cha kuiwekea chini, kwa sababu kwenye mfinyanzi jeki inazama badala ya kuinua gari. Wilispana inayoingia kwenye nati zako, maana kuna magari yana nati tatu za asili na mbili za kuungaunga. Koleo, panga, kamba nene ya kuvutia, pampu ya upepo, tochi. Maji ya kunywa lita tano kwa kila mtu hata kama mnarudi mchana.

Kwenye mchanga mzito punguza upepo wa tairi kutoka PSI 32 hadi kama 20, pita polepole bila kukata usukani ghafla, na ukifika ardhi ngumu jaza tena.

Nguo?

Saadani kuna mbung'o. Wanapenda buluu na nyeusi, ndiyo rangi za mitego yao, kwa hiyo jinzi uache nyumbani. Vaa kaki au kijani kilichofifia, mikono mirefu. Vijijini jistiri; unapita kwa watu, si ufukweni mwa hoteli.

Naweza kuwachezea ndege sauti zao kwenye simu ili watoke?

Mara moja, kidogo, na kamwe si karibu na viota. Dume anayejibu simu yako anaacha kujenga, anaacha kulinda. Mgeni wangu mmoja alicheza sauti robo saa nzima mbele ya viota mpaka kijana wa kijijini akamwuliza, kwa adabu kabisa, "Mjomba, na wewe ukijenga nyumba tuje kukuimbia dirishani?"

Nimenasa. Nifanye nini?

Toa mguu kwenye mafuta. Kila mzunguko wa tairi ni koleo linalokuchimbia. Shusha watu wote na mizigo. Tazama tumbo: likiwa limekaa chini, hakuna cha kusukuma mpaka uchimbe udongo ulio chini yake. Tandika matawi makavu yaliyoanguka au mazulia ya garini mbele ya magurudumu yanayovuta, na ujaribu kurudi nyuma kwanza, kule ulikotoka unakujua. Jaribu mara mbili. Ya tatu mtume kijana akaite watu.

Wakija, panga malipo kabla hawajashika gari, mkiwa bado mnacheka. Trekta ni ghali lakini ni la haraka. Vijana wanane ni nafuu na watakuonyesha njia ya kutokea. Usivutwe kwa bampa, tafuta ndoano ya chasisi. Na jua likianza kushuka huku gari bado limelala, acheni gari. Fungeni milango, twendeni kijijini kwa miguu kabla ya giza, kwa sababu giza likiingia bonde ni la viboko.

Naweza kwenda na bodaboda badala ya gari?

Kiangazi, mtu mmoja, hadi Ruvu: ndiyo, na pengine utafika karibu kuliko mimi. Ndani ya Saadani hapana.

Tuna watoto na bibi yetu. Inafaa?

Inafaa sana pale darajani Ruvu, na mashamba ya chumvi alasiri. Choo ni cha Bagamoyo kabla ya kuondoka. Bibi mpe kiti cha mbele, kisha mwulize majina ya ndege: nusu ya majina niliyoyaandika humu niliyapata kwa bibi wa mgeni mmoja wa Mlingotini aliyekaa garini siku nzima bila darubini.

Tugeuze saa ngapi?

Ukifika tu. Yaani kabla hujashusha darubini geuza gari, pua ielekee ulikotoka, wakati ardhi bado ni ngumu na una nuru. Wingu likisimama juu ya Uluguru mchana, huku kwetu kukiwa kukavu, usilipuuze. Maji ya Ruvu hayasubiri mvua inyeshe Bagamoyo. Saa 11 jioni nataka kusikia tairi kwenye lami. Ukitaka kuwaona yangeyange wakirudi kulala, simama pale darajani, pembeni kabisa, taa za hadhari zikiwaka, na uyaangalie malori.